Bata Wasiopiga Kelele

Fundi mwashi alikuwa ameshavuta kamba kutoka kwenye bomba la maji hadi ukutani. Mpole alisimama mlangoni na beseni la nguo mikononi, akiangalia uwanja wake ukipimwa na watu ambao hawakumpigia hata hodi.

Uwanja ulikuwa wake, tusibabaishane juu ya hilo. Nyumba ilikuwa moja, imekatwa katikati kwa ukuta: upande huu Mpole na binti yake, upande wa pili shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, pamoja na mkewe. Uwanja wa nyuma baba mkwe aliugawa mwenyewe akiwa hai na akili zake timamu, mbele ya ukoo mzima. Kulia kwa bomba ni kwa mkubwa, kushoto ni kwa mdogo. Siku hiyo kila mtu aliitikia, na Shemeji ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote. Mdogo alipofariki, kushoto kukaanza kuitwa "pale patupu". Shemeji alikuwa muuza mabomba na duka lake lilikuwa limefurika, basi akaegesha mabomba machache pale patupu, kwa muda tu. Kisha akaongeza mengine. Sasa alitaka kujenga stoo.

Mpole hakuwa jina la kuzaliwa. Alipoolewa walimsifu kwamba hajui kupaza sauti, mama mkwe akamwita hivyo, na mtaa mzima ukalidaka. Kwa dobi alikokuwa akipiga pasi, mteja aliyekuja kugomba kwa sababu ya kifungo kilichopotea alipelekwa kwake moja kwa moja, na dakika chache baadaye aliondoka akiomba radhi yeye. Ni sifa nzuri, hakuna anayekataa. Ila ukisifiwa kwa kunyamaza miaka nenda miaka rudi, siku ukitaka kusema neno unakuta watu wameshakaa kwenye kiti chako.

"Shemeji, hapa naweka stoo," akasema Shemeji bila kugeuka. "Pamekaa bure."

"Hapajakaa bure," akasema Mpole.

Fundi akaacha kukaza kamba. Shemeji naye akageuka taratibu, akamtazama mke wa mdogo wake kuanzia kandambili hadi kilemba.

"Pana nini basi?"

Hapakuwa na kitu, ukiondoa mabomba yake mwenyewe. Mpole aliangalia ile ardhi, na kilichomjia ni nyuma ya nyumba ya mama yake, asubuhi za kuokota mayai yangali na joto. "Nataka kufuga," akasema. "Kuku wa mayai. Tule mayai yetu wenyewe, tuache haya ya dukani yasiyojulikana yametagwa lini."

"Na kule kwenye pembe, maji yanakotuama? Kuku wako watajifunza kuogelea?"

"Kule ni kwa bata."

Binti yake, aliyekuwa akianika mataulo ya saluni anakofanya kazi, aliangua kicheko. Huyu aliitwa Redio, kwa sababu tangu ajifunze kusema hakuna aliyewahi kumzima. "Mama, kumbe una mipango na hunishirikishi," akasema.

Shemeji alijikuna kidevu. "Haya. Mimi si mtu mbaya," akasema. Mtu akianza namna hiyo, shika mkoba wako vizuri. "Fuga. Lakini jogoo sitaki, usingizi wangu wa alfajiri siuchezei. Na makelele sitaki kabisa. Kuku wakae kimya, hayo mabata yakae kimya. Mvua zikianza, kama sijaona mayai ya kuku na mayai ya bata, fundi anachimba msingi. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," akasema Mpole. Neno lilimtoka kwa mazoea tu, kama anavyowaambia wateja kwamba suruali itakuwa tayari kesho.

Jioni ile Redio alikuja jikoni kwa kunyata, macho yakicheka. Alikuwa amesimama karibu na ukuta kwa bahati mbaya, na kwa bahati mbaya hiyohiyo sikio lake lilikuwa limegusa ukuta. "Baba mkubwa anamwambia mkewe, 'Kuku bila jogoo atatagaje? Mwache ajifurahishe, stoo yangu naijenga palepale.' Mama, jamaa anaamini kabisa."

Mpole aliweka kijiko chini. Kwa mama yake alishaona kuku wakimaliza miezi bila jogoo na viota vikijaa. Mayai hayo hayatoi vifaranga, lakini ni mayai. Mtu mzima, baba wa watu, mwenye duka na mihuri, na jambo hilo hakulijua. "Usimwambie," akasema. Akaendelea kukoroga, na ni muda mrefu alikuwa hajanyamaza kwa raha kiasi kile.

Banda walilijenga wenyewe kwa mbao za kitanda kibovu na wavu. Redio alipigilia misumari, vidole vikapata habari yake. Ndani waliweka fito za kulalia, wakamwaga maranda ya seremala, na kwenye kona yenye giza wakapanga makreti ya soda yaliyolazwa ubavu na kutandikwa nyasi kavu, yawe viota. Kisha wakaenda kwa mfugaji mmoja nje kidogo ya mji, mwanamke mnene aliyeshinda kwenye gambuti mvua inyeshe, jua liwake, hata wenyewe wa mtaa wakamwita Mama Gambuti.

Kwenye kuku Mpole hakudanganyika. Alikataa wale wazuri wa kuangalia waliokuwa wamewekwa mbele. Aliingia mwenyewe katikati ya banda, akawainua mmoja mmoja, akatazama kama macho yanang'aa, kama upanga wa kichwani umeanza kuwa mwekundu, kama nyuma ni pakavu. Akapapasa mifupa miwili karibu na sehemu ya kutagia, aone kama vidole vinapita katikati.

"Huyu bado, huyu bado. Huyu amekaribia," akasema. "Huyu amechoka, dada, ametaga mpaka basi. Mrudishe."

"Umewahi kufuga wewe," akasema Mama Gambuti, sasa akimheshimu kidogo.

"Kwa mama yangu. Wamechanjwa kideri?"

"Wamechanjwa, matone ya jicho. Mimi siuzi msiba."

Kwenye bata ndiko alikopotea, na hakupotea kwa sababu ya ujinga. Mama yake hakuwahi kufuga bata, ni kweli, lakini angeweza kuuliza. Kilichompoteza ni sauti ya Shemeji iliyokuwa bado imo kichwani. Bata weupe walikuwa kwenye boma lao karibu na dimbwi. Wengine walipiga kelele za kuchukiza, wanaita, wanajibizana, wanaitana tena. Wengine walikuwa watulivu, miili mikubwa, wakitoa ukwaruzo mdogo tu wa kooni kama mtu mwenye mafua.

"Nataka hao wapole," akasema Mpole, akinyoosha kidole.

"Hao?" Mama Gambuti akakunja uso. "Una hakika?"

"Ndiyo. Wasiopiga kelele."

"Hao kabisa, wote hivyohivyo?"

"Hao hao."

Mama Gambuti akainua mabega, akawakamata. Redio aliwabeba kwenye kapu, akawachungulia njia nzima. "Mama, umejinunulia ndugu zako," akasema. Mpole alicheka. Wakati huo bado ilikuwa inachekesha.

Kuku walianza kutaga kabla hata majani yaliyofyekwa uwanjani hayajakauka vizuri. Yai la kwanza lilikuwa dogo na lina alama ya damu, la pili likaja la kueleweka, kisha viota vikazoea kazi. Mpole aliwapa pumba na mboga zilizonyauka, na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa ili maganda ya mapya yawe magumu. Alipopata ya kutosha, alipanga machache kwenye bakuli, akapita upande wa pili kwa adabu zote.

Shemeji alilitazama lile bakuli. Alichukua yai moja, akalitikisa karibu na sikio.

"Jogoo umemficha wapi?"

"Sina jogoo, shemeji. Ulikataza."

"Basi haya si mayai kamili. Hayana uhai ndani."

"Ya kukaanga yanataka uhai gani?" akauliza mkewe, akachukua bakuli, akaenda nalo jikoni.

Shemeji alikohoa. Ni mtu ambaye akishindwa mlangoni anapitia dirishani. "Na ya bata?" akasema. "Tulisema ya kuku na ya bata. Au nimesahau?"

Ya bata hayakuwepo. Mteja mmoja kwa dobi alimwambia Mpole kwamba bata hutaga mapema asubuhi na hutaga popote, hata majini, kwa hiyo asiwafungulie mpaka jua limepanda. Akafanya hivyo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwa dobi alipiga magoti kwenye banda la bata, akapekua nyasi kwa mikono, akapekua chini ya ubao, akarudia tena pale alipoanzia. Aliwachimbia dimbwi dogo, akawaongezea chakula. Bata walioga, wakapendeza, wakanenepa. Wakaanza hata kugombana wenyewe kwa wenyewe na kuwakimbiza kuku wake uwanjani, hadi kuku mmoja akapungua kutaga kwa hofu. Lakini makelele hawakupiga, hapo walishika sharti barabara.

Mawingu yakaanza kukusanyika mchana. Shemeji alikuwa akisimama kwenye bomba, mikono nyuma, akitazama juu kama mkulima. Siku moja Mpole alirudi kutoka kazini akakuta mifuko ya saruji imepangwa juu ya mbao, imefunikwa turubai, upande wake wa uwanja. Mvua ilikuwa haijanyesha hata tone. Alisimama pale na mkoba begani, akahisi shingo ikimwaka moto. Kisha akaingia ndani akapika. Nimesema ilimwaka shingo; sikusema alisema neno.

"Mama, mwambie aondoe," akasema Redio.

"Tumebakiza bata tu. Wakitaga, yameisha."

"Na wasipotaga?"

Kesho yake aliomba ruhusa kwa dobi, akamkwapua bata mmoja, akamtia kwapani, akaenda naye hadi kwa Mama Gambuti.

"Huyu ana ugonjwa gani?" akauliza. "Nimemlisha, nimemwogesha, nimempa kila kitu isipokuwa godoro langu. Hatagi. Wenzake nao hivyohivyo."

Mama Gambuti alimtazama bata, akamtazama Mpole, kisha akakaa juu ya ndoo akacheka mpaka machozi. "Dada yangu, atatagaje? Huyu dume. Ona mkiani, unyoya umejikunja. Wote uliochukua ni madume."

"Madume?"

"Bata hawa, jike ndiye mwenye sauti. Dume koo lake limekauka, anakwaruza tu. Wewe ukasema nataka wapole, hao hao, hao hao. Nikadhani unataka wa kitoweo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza mara mbili. Ungesema unataka mayai, ningekupa wenye mdomo."

Mpole alikaa chini palepale, kwenye jiwe, bata bado kwapani. Alikasirika, na kwanza alimkasirikia mwanamke huyu na gambuti zake. Lakini hasira haikukaa hapo, ilihama. Mbona kwenye kuku hakukosea? Aliwachagua kwa macho yake na vidole vyake. Bata aliwachagua kwa masikio ya Shemeji. Alitimiza amri kwa bidii mpaka akalipia madume ya kunenepa kwenye uwanja ambao ulikuwa unamponyoka, na akawashukuru kwa kunyamaza. Na lile lililofuata lilimuuma zaidi: mtihani wenyewe, nani alimpa Shemeji haki ya kuutunga? Baba mkwe alipogawa hakutaja yai.

"Nitakubadilishia," alikuwa akisema Mama Gambuti, akifuta macho. "Lete hao, chukua majike. Ila nikuambie ukweli, bata akihamishwa hususa, hutamwona akitaga leo wala kesho. Kama kuna mtu wa kuonyeshwa haraka, chukua mayai yangu haya, mwonyeshe. Yai halina jina."

Alikuwa amemnyooshea mayai makubwa ya kijani hafifu, kwenye kiganja. Mpole aliyatazama. Ingekuwa rahisi kweli.

"Hapana, asante," akasema. "Nikimwonyesha haya, kesho ataniomba ya mbuni. Nipe majike. Nipe wale pale, wanaogombana."

"Wale watakutoa masikio."

"Hao hao."

Safari hii alisema akijua anachosema. Alimwachia dume lile, akaahidi kuleta waliobaki kesho yake, akarudi na kapu kubwa la kuazima kichwani, na kapu lile lilipiga kelele barabara nzima. Watu walitoka madukani kuangalia. Fundi baiskeli aliacha spana hewani akauliza kama ni sherehe. Mpole hakuharakisha wala hakulifunika kapu kwa khanga. Matone ya kwanza ya mvua yalimkuta karibu na nyumbani, mazito, yakichafua vumbi.

Alipofika uwanjani, fundi mwashi alikuwa ndani ya mtaro uliomfika magotini, upande wa kushoto wa bomba. Shemeji alisimama juu yake na mwavuli.

"Umefika wakati mzuri," akasema Shemeji. "Mvua hiyo. Mayai ya bata yako wapi?"

Mpole alishusha kapu, akalifungua. Bata wakatoka wakilalamika kwa nguvu zao zote, wakapita katikati ya miguu ya Shemeji kuelekea kwenye dimbwi.

"Sina," akasema. "Fundi, toka kwenye shimo."

Hakuisema kwa sauti ya kwa dobi. Aliisema kwa sauti ambayo hata yeye hakuwahi kuisikia, ikapanda juu ya mvua na bata, ikagonga ukuta wa jirani ikarudi. Dirisha likafunguka. Redio, aliyekuwa ametoka mbio na ndoo ya kukingia maji, alisimama mdomo wazi na hakuna kilichotoka.

"Shemeji, punguza sauti," akasema Shemeji akitazama huku na huku. "Watu wanasikia."

"Ndiyo, wasikie. Waite na waliokuwepo baba alipogawa, wasikie tena. Huu ni uwanja wa mume wangu, na sasa ni wangu na wa mtoto wake. Umeweka mabomba nikanyamaza, ukaweka saruji nikanyamaza. Ukanipa masharti ndani ya kwangu, nami kwa ujinga wangu nikaitikia."

"Tulikubaliana," akasema Shemeji. "Mbele ya fundi huyu. Hakuna mayai, hakuna uwanja."

"Tulikubaliana, na nimekataa. Sikiliza, shemeji, nakuheshimu, wewe ni mkubwa wangu. Hawa bata wakitaga, ni wangu. Wasipotaga mpaka wazeeke, uwanja ni wangu. Wakipiga kelele ukakosa usingizi, ziba masikio. Na nikitaka jogoo nitaleta jogoo. Usinipimie tena kwangu, wala usiniulize yai."

Fundi alishachukua koleo lake. "Bosi, mimi ugomvi wa ndugu siuwezi," akasema, akapanda kutoka mtaroni akiwa na tope hadi magotini. Shemeji akamtazama mkewe aliyekuwa amesimama kwenye mlango wao, akingoja aungwe mkono.

"Baba aligawa," akasema mkewe. "Hata mimi nilikuwepo. Na saruji hiyo inalowa, wewe umesimama tu."

Kilichomuumiza Shemeji zaidi, nadhani, ni saruji. Alitupa mwavuli akaanza kubeba mifuko, mmoja mmoja, akivuka bomba kwenda kulia, huku mvua ikimpiga mgongoni na majirani wakimhesabia safari kwa macho. Mpole hakumsaidia, na aliona vigumu kutomsaidia, maana mikono yake ilizoea. Aliikunja kifuani akaishikilia pale. Mabomba yalihamishwa kesho yake, bila salamu, na mtaro Redio aliufukia mwenyewe kwa mateke na koleo la kuazima, sauti yake ikiwa imesharudi yote.

Bata walisusa kama alivyosema Mama Gambuti. Walipiga kelele asubuhi, walipiga kelele akipita paka, walipiga kelele bila sababu yoyote, na upande wa pili wa ukuta dirisha lilifungwa kwa kishindo kila mara. Mpole alienda kazini na kurudi. Hakupiga tena magoti kupekua nyasi. Aliwafungulia, akawamwagia chakula, akaenda zake. Shemeji alimsalimia kwa kifupi, naye akajibu kwa kirefu, kwa sababu adabu hakuiacha.

Mvua zilikuwa zimekolea Redio alipoingia jikoni asubuhi moja akiwa amelowa kichwa hadi mguu, mikono ameikunja pamoja. Alipoifungua, lilikuwemo yai, kubwa, la kijani hafifu, na tope ubavuni.

"Lilikuwa kwenye majani, nje kabisa. Mama, limekuja." Alishageuka kuelekea mlangoni. "Nampelekea baba mkubwa alione. Nataka nimwone uso."

"Lete hapa," akasema Mpole.

"Tumwonyeshe tu, tutalirudisha."

Mpole alilichukua, akaliosha tope, akalivunja kwenye kikaango. Mafuta yakalipokea.

"Hakuna wa kuonyeshwa," akasema. "Kaa ule, utachelewa kazini."